Herufi Chini ya Meza

Jumamosi hiyo duka la mbao lilikuwa limejaa watu mpaka mlangoni. Fundi seremala alikuwa anatoka na ubao mrefu begani, akageuka vibaya, ncha ya ubao ikanasa kilemba cha mwanamke mwenye gauni la manjano na kukiangusha sakafuni.

"Kaka, ungeniomba tu," mwanamke akasema. "Ningekupa."

Watu wakacheka. Fundi akakiokota kitambaa, akakikung'uta. Kilikuwa na vumbi la chaki.

"Wewe ni mwalimu."

"Wa chekechea. Natafuta mtu wa kunikatia herufi kubwa za mbao. Tunaanzisha kipindi cha watoto kwenye televisheni. Unaweza?"

"Chochote kilichochorwa nakikata."

Hakusema uongo, lakini alikuwa amejificha ndani ya jibu hilo. Alitolewa shule darasa la pili, baba yake alipokufa, kabla hajajua kuunga neno. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuna mtu mjini aliyejua kwamba hawezi kusoma. Akiletewa karatasi, husema miwani ameisahau. Hakuwa na miwani.

Siku hizo televisheni zilikuwa chache na watoto walijazana sebuleni kwa jirani aliyekuwa nayo. Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja, kila asubuhi saa nne. Mwalimu alisimama nyuma ya meza yenye mwanya katikati. Fundi, aliyeombwa abaki kuzipandisha herufi, alikaa chini ya meza, na herufi ilipotajwa aliichomeka kwenye kijiti akaipandisha polepole, kama mmea unaoota. Herufi zenyewe hakuzijua. Alijua picha ambazo Mwalimu alizichora juu ya kila moja: baba, dada, paka.

Mwalimu naye alikuwa na hofu yake. Taa nyekundu ya kamera ilipowaka, uso wake ulicheka na magoti yake yakatetemeka. Aliyeyaona magoti ni Fundi peke yake. Siku ya tatu akamshika kisigino, taratibu, mpaka akatulia.

"Umenishika mguu mbele ya mji mzima," Mwalimu akamwambia baadaye.

"Mji mzima haukuona."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa unaanguka, mpenzi."

Neno lilimtoka lenyewe. Hakulirudisha, wala Mwalimu hakumtaka alirudishe.

Wakaenda hivyo miezi mitano. Mwalimu aliishi kwa dada yake, na mume wa dada, karani wa mahakama, hakupenda mambo ya kuning'inia. "Shemeji," akamwambia, "huyo mtu ana nia au anapitisha muda? Aje aseme."

Mwalimu aliona haya kumwambia Fundi kwa mdomo. Akaandika barua: njoo Jumamosi saa kumi, uzungumze na shemeji yangu. Akaitia kwenye mfuko wa vifaa wa Fundi.

Fundi alipoikuta, aliigeuza pande zote mbili. Mtu anayesema nawe kila siku akianza kukuandikia, kuna jambo ameshindwa kulitamka. Hakuwa na wa kumpa amsomee. Watu wote wa kazini walimfahamu Mwalimu. Akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, na siku tatu ilikuwa ikimuunguza kifuani.

Ijumaa simu ya karakana ikalia.

"Umesoma barua yangu?"

"Nimesoma."

"Na?"

Fundi akaugusa mfuko wa shati.

"Uliyoandika yote ni sawa. Sina la kuongeza."

"Asante," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, akakata. Alikata akimbie kumwambia dada yake, kwa furaha. Fundi alisikia mtu aliyetua mzigo.

Jumamosi Mwalimu akavaa gauni la manjano. Shemeji akavaa koti. Waliketi mpaka giza likaanza kuingia, na hakuna aliyebisha hodi.

"Nisimwone mlangoni kwangu," shemeji akasema, akavua koti.

Jumatatu Mwalimu hakumsalimia mtu. Fundi akaingia chini ya meza, akatazama herufi za wiki hiyo. Zilikuwa nyeupe tupu. Wakubwa wa kituo waliona picha hazionekani vizuri kwenye kioo cha televisheni, wakazipaka rangi. Zilikuwa tatu, b, d na p, na yeye alizikata kwa kielelezo kimoja. Kwake kilikuwa kipande kimoja kilichogeuzwageuzwa.

Taa nyekundu ikawaka.

"Watoto, leo tuna d. D ya dada."

Ikapanda b.

"Hiyo ni b ya baba, amekuja bila kuitwa. Sisi tunamwita dada."

Ikapanda p. Nyuma ya kamera mtayarishaji akajishika kichwa.

Mwalimu akainama na hasira yake ya siku mbili, akachungulia kwenye mwanya. Miaka minane alikuwa ameuona uso ule kwenye madawati madogo: uso wa mtoto asiyejua, anayeomba asiulizwe. Akaielewa barua, akaielewa simu, akaielewa Jumamosi.

"Watoto," akasema polepole, "d ina fimbo ndefu iliyosimama. Chini ya fimbo kuna tumbo. Na tumbo lake linaangalia mlangoni."

Mji mzima watoto wakageuka kutafuta milango yao. Fundi akageuza kipande, tumbo likaelekea mlango wa studio, akakipandisha. Ilikuwa d.

Taa zilipozimwa alitoka akiwa ameinamisha kichwa.

"Ulidhani nimeandika nini?" Mwalimu akauliza.

"Kwamba tuachane."

"Ukabeba kuachwa mfukoni siku zote hizo, na bado ukaja kuninyanyulia herufi?"

"Kazi ni kazi."

Mwalimu alitaka kucheka, machozi yakatangulia. "Nipe nikusomee. Kisha twende kwa shemeji, sasa hivi."

"Nimwambie niliumwa?"

"Ukimdanganya yeye leo, mimi utanidanganya mpaka lini?"

Njiani Fundi alisimama mara mbili kama mtu anayetaka kurudi. Shemeji alifungua mlango, akauziba kwa mwili wake.

"Sikuja Jumamosi kwa sababu sijui kusoma," Fundi akasema. Sauti ilikuwa kavu. "Barua amenisomea leo. Imesema nije niseme nia yangu. Nataka kumuoa."

Karani yule alikuwa ameishi na makaratasi maisha yake yote. Akamtazama juu mpaka chini.

"Na watoto wenu nani atawafundisha?"

"Mama yao. Na mimi nitaketi nao."

Mwalimu alikuwa ameushika mkono wa shati lake bila kujua. Shemeji akaondoka mlangoni, akawapisha. Kisha akageuka, akamwambia mkewe aongeze kiti.