Jicho la Fundi Miwani

Fundi Miwani alikuwa na duka dogo: meza ya kusagia lenzi, kioo cha kujitazamia, na ukuta mzima wa fremu. Kila asubuhi alizifuta vumbi fremu zote, moja moja. Siku hizi hakuwa na kazi nyingine. Wateja walikuwa wameadimika.

"Mwisho wa mwezi tukiwa hivi hivi, tunafunga duka," mke wake alimwambia. "Utaenda kuajiriwa kule kwenye duka kubwa."

"Mimi? Miaka kumi na mitano najitegemea, leo nikaombe ruhusa ya kunywa chai? Thubutu! Tovuti tunayo. Watu watatuona tu."

Loo, hiyo tovuti! Aliitengeneza mwenyewe, na hakutaka ushauri wa mtu. Ukiifungua, jicho kubwa linafumba na kufumbua. Muziki unaanza. Kisha inakuja historia ya duka tangu enzi za babu yake, aya kumi na moja, kwa herufi ndogo kama sisimizi, za kijivu kwenye weupe. Namba ya simu ilikuwa chini kabisa, baada ya babu.

Siku moja jirani yao wa mlango wa pili alikuja kukaziwa skrubu ya miwani. Mama huyu kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Mke wa fundi akamdaka.

"Jirani, hebu tutazamie hii tovuti. Haituletei hata nzi."

Jirani akatazama kwenye simu ya fundi. Akajikaza asicheke.

"Fundi, vua miwani yako."

"Nivue? Bila miwani sioni!"

"Ndiyo maana nakwambia uvue. Haya, tafuta namba ya duka lako."

Fundi akavua. Akasogeza simu, akasogeza tena, mpaka pua ikagusa kioo cha simu. Pua ikabonyeza mahali, ikatokea picha ya babu. Mke wake alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa niambie," jirani akasema, "wanaotafuta duka la miwani ni watu gani?"

Fundi akarudisha miwani usoni. "Wasioona vizuri," akajibu kwa sauti ndogo. Aliona aibu kwelikweli.

Wakati huo mama mkwe wake alikuwa amekuja kuwatembelea. Jirani akampa simu.

"Mama, tafuta namna ya kuomba siku ya kupimwa macho. Na wewe fundi, funga mdomo."

Mama mkwe akabonyeza lile jicho. Jicho likafumba, likafumbua.

"Ebo! Linanikonyeza? Mwanangu, jicho lako halina adabu."

"Mama, shuka chi..."

"Nyamaza!" jirani akamkata. "Mteja akiwa kwake, utasimama begani kwake umwelekeze?"

Fundi akaziba mdomo kwa kiganja. Mama mkwe alihangaika, akachoka, akairudisha simu.

"Umeona?" jirani akasema. "Mtu anakuja na swali lake. Duka liko wapi? Mnafungua saa ngapi? Nitawapigiaje? Mjibu juu kabisa, kwa herufi kubwa nyeusi. Kitufe kionekane ni kitufe, kiandikwe kazi yake: Piga simu. Muziki uondoe. Ukimaliza, mpe mtu ajaribu, nawe utazame tu."

"Na babu yangu?"

"Babu apewe ukurasa wake. Anayemtaka atamfuata huko."

Kuirekebisha tovuti kulichukua siku mbili. Jicho lilipofutwa, fundi alilisindikiza kwa huzuni. Kisha mama mkwe akapewa simu tena. Mara hii alipata kitufe papo hapo.

"Mbona rahisi? Kumbe juzi mlikuwa mnanifanyia mzaha!"

Kesho yake, asubuhi, simu ya duka ikalia.

"Fundi? Nimekalia miwani yangu, imevunjika vipande. Hapa nilipo hata mlango siuoni sawasawa. Lakini namba yako nimeiona."

Fundi akarukaruka kwa furaha, simu mkononi. Mke wake akamnyang'anya simu.

"Njoo, baba. Tupo."

Alikuja, ameshikwa mkono na mkewe. Kesho yake wakaja wengine wawili. Wiki iliyofuata viti vya kusubiria havikutosha, ikabidi waazime benchi kwa jirani. Mwisho wa mwezi ulipita bila mtu kuutaja. Wenye duka walikuwa na foleni.