Mababu Aliowaazima Lul

Soko la mifugo la Garissa lilifurika asubuhi ile ya mwaka wa sitini na sita. Askari walipoanza kukagua vipande vya utambulisho, watu walisukumana, ngamia mmoja akarudi nyuma, na chombo cha maziwa cha Lul kikapinduka. Hakikufika chini. Kilidakwa na kijana mrefu mwenye kikoi cha buluu na shati jeupe lililokunjwa mikono.

"Ungelia," akamwambia kwa Kiswahili.

"Nisingelia. Ningekulaumu wewe."

"Mimi nimekosa nini?"

"Umesimama karibu."

Lul aliushangaa ulimi wake. Kwa kawaida aliuza maziwa akitazama mchanga. Kijana alicheka, akasema anaitwa Diriye, amekulia Thika, amekuja na wanunuzi wa ng'ombe. Tangu siku hiyo alikunywa maziwa kwake kila asubuhi, akimwita "Bi Lawama", naye Lul akaanza kuvaa shela yake ya manjano.

Tatizo lilikuwa daftari. Diriye aliwauliza wazee majina ya baba zao na babu zao, akayaandika. Mwezi uliotangulia, mtu mwingine mwenye daftari alipita kisimani, na wiki moja baadaye wanaume wawili wakapakiwa kwenye lori la jeshi, eti ndugu zao wako msituni na waasi, mashifta. Hawajarudi.

"Huyo ni jicho la serikali," alionya Fatumo, mjane aliyeuza maziwa kando yake. "Msomali gani huuliza babu za watu na zake hazitaji? Nimeshamwambia baba yako."

Kwa hiyo Diriye aliposema, "Lul, najua wewe ni binti Olow. Olow wa nani?" Lul aliwafikiria kaka zake wanne. Akaazima nasaba ya Fatumo, ambayo mjane huyo huiimba kila anaposuka maziwa. Fatumo hakuwa na mwanamume wa kukamatwa. Kaka yake pekee alipotea zamani.

"Olow Yarrow. Yarrow Kulow. Kulow Jama."

Kalamu ilisimama. "Yarrow Kulow? Una hakika?"

"Nani hukosea babu yake?"

Diriye alifunga daftari, akaacha maziwa nusu kikombe, akaenda.

Siku tatu hakuonekana. "Amepata alichotaka," alisema Fatumo. Kila lori liliponguruma, Lul aliwahesabu kaka zake. Hata hivyo kikombe cha Diriye alikiosha na kukiweka peke yake.

Siku ya nne alikuja na mkoba begani. "Nimekuja kukuaga, dada."

"Tangu lini mimi ni dada yako?"

"Tangu uliponihesabia babu zako. Baba alifariki nikiwa mdogo, akaniachia majina matatu tu: lake Guleid, kisha Yarrow, kisha Kulow. Nilikuja kuwatafuta watu wangu. Kila nilipouliza niliona haya kusema kwamba nasaba yangu inaishia hapo. Sasa nimewapata, na baba yako ni ndugu ya baba yangu. Kwetu mtu haoi binti wa baba yake mdogo." Akatazama pembeni. "Nami nilitaka kukuoa."

"Nilikudanganya," Lul alisema polepole. "Nilidhani wewe ni jasusi. Majina yale si ya kwetu."

"Ni ya nani?"

Fatumo alikuwa ameshasimama. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini majina yalimtosha. "Guleid yupi?"

"Guleid Yarrow. Alikuwa na kovu la moto, mkono wa kushoto."

"Nilimchoma mimi," alisema Fatumo, "tukiwa watoto, kwa kijinga cha moto." Akaushika uso wa kijana kwa mikono miwili. "Mwana wa kaka yangu."

Diriye alipofuta macho, alimgeukia Lul. "Nihesabie babu zako tena. Wa kweli."

Lul alihesabu, safari hii bila kutazama mchanga, mpaka babu wa tisa.

"Hakuna wangu humo."

"Hakuna."

"Basi shangazi ataniendea kwa Olow kuposa."

Fatumo alikaa chini kwa uzito. "Kwa Olow? Juzijuzi nilimwapia kwamba wewe ni jasusi." Akajifunga shela upya, akavaa viatu. "Nipeni maziwa ya kumpelekea. Mengi."