Mazoezi na Marehemu

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa limefurika jioni ile. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na kila aliyeingia alitaka kujaribu kitu kwa wakati mmoja na wenzake: huyu kinanda, yule ngoma, mpaka muuzaji akawa anajibu wateja kwa ishara za mikono. Mpiga eksirei wa hospitali kubwa alikuwa ameingia kununua nyuzi tu. Alikuwa ametoka zamu, sare yake ya buluu ikichungulia chini ya sweta jeusi, nywele amezibana kisogoni. Alichukua nyuzi zake, akageuka kuondoka, na hapo akazibiwa njia na gitaa jekundu.

Aliyelishika alikuwa mwanaume mrefu mwenye ovaroli ya kijivu, kucha zake zikiwa na grisi iliyogoma kutoka. Alikuwa analigeuza huku na huku kama mtu anayechagua shati.

"Hilo limepinda shingo," mwanamke alisema. Alijishangaa mwenyewe, kwa maana hakuwa na tabia ya kuongea na watu asiowajua.

"Limepinda wapi, dada? Mbona limenyooka kama mimi?"

"Liinue usawa wa jicho, ulitazame kama seremala anavyotazama ubao."

Akaliinua, akafumba jicho moja. Akakaa hivyo kwa muda, kisha akalirudisha ukutani taratibu, kama anayemlaza mgonjwa.

"Kweli. Lina kibiongo."

"Ulilipendea nini?"

"Rangi."

"Basi si ungenunua mwavuli?"

Mwanaume akacheka mpaka muuzaji akageuka. Alijitambulisha kwamba ni fundi lifti, kazi yake ni kushinda ndani ya mashimo ya maghorofa, na kwamba ametamani kupiga gitaa tangu utotoni lakini hakuwahi hata kulishika mpaka siku ile. Mwanamke akamchagulia gitaa la kahawia lililokuwa limeninginia nyuma ya mengine, limeshatumika, limekwaruzika tumboni. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akalilinganisha nyuzi, akapiga kidogo. Vidole vyake vilitembea vyenyewe, na uso wake ukaenda mbali, mahali ambapo fundi hakupaona.

"Nani alikufundisha?"

"Mtu," alisema, akamkabidhi gitaa. "Wewe anza na kodi tatu."

"Kodi naijua, nalipa kila mwezi. Hizo tatu za nini tena?"

"Kodi za gitaa. Vidole vinabana nyuzi, sauti kadhaa zinatoka pamoja kama sauti moja. Usiniambie na hilo hujui."

"Sijui. Lakini nina simu, na wewe una simu, na mwalimu mzuri hapatikani kila siku."

Hivyo ndivyo walivyoanza.

Fundi alikuwa na ugonjwa wa wanaoanza wote: alipenda kununua kuliko kufanya mazoezi. Leo alinunua mkanda wa ngozi, kesho kibanio cha kuweka shingoni mwa gitaa, keshokutwa pedali ya kukwaruza sauti ambayo hakujua hata inachomekwa wapi. Kila akinunua, alipiga simu kutoka juu ya paa la jengo fulani, upepo ukimvumia mdomoni.

"Laazizi, nimepata spika ndogo. Muuzaji anasema ina mwangwi wa pangoni."

"Una vifaa vya mwanamuziki na vidole vya fundi. Kodi ya pili umeiweza?"

"Inaniuma."

"Itaacha kukuuma ukiacha kwenda dukani."

Jumapili mchana walifanya mazoezi katika ghala la magodoro la mjomba wake fundi. Mjomba aliwaruhusu kwa sharti moja, wasiweke chai juu ya bidhaa. Hapakuwa na mahali pazuri kuliko pale. Magodoro yalipangwa mpaka darini na kumeza makelele yote, hata kosa kubwa likatoka dogo. Walikaa wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana. Fundi alikosea, akajicheka, akarudia. Siku moja mwanamke alimshika kidole cha pete akakisogeza kwenye waya unaostahili, na hakukiachia mara moja.  Aliporudi nyumbani mwanamke alijikuta anaimba ngazini, na alipofika mlangoni akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba ndani kuna mgonjwa.

Ndani hapakuwa na mgonjwa. Palikuwa na Mama.

Fundi alijua kwamba mpenzi wake anaishi na mama. Hakujua kwamba huyo si mama mzazi bali mama mkwe, wala hakujua kwamba mwanamke huyu alikuwa mjane. Mara kadhaa mwanamke alitaka kumwambia. Neno lilifika mdomoni, likarudi.

Mumewe alikuwa fundi cherehani aliyependa gitaa kupita chakula. Alipoanza kukohoa, mke ndiye aliyempiga picha ya kifua kwa mikono yake mwenyewe, na akauona ugonjwa kwenye kioo kabla daktari hajauona. Alirudi kwenye chumba cha kusubiri akitabasamu, na mume akamtazama usoni akajua. Miezi iliyobaki, mume aliitumia kurekodi masomo. Alikaa kitandani na gitaa na simu, akamrekodia mkewe somo baada ya somo: anapiga sehemu yake, anaacha nafasi kwa mkewe, anamsahihisha makosa ambayo alikuwa anayajua kwa moyo. Alisema hataki kumwacha mikono mitupu.

Miaka ilikuwa imepita, na bado kila magharibi mwanamke alifungulia masomo hayo kwenye spika sebuleni. Marehemu akapiga. Nafasi ikafika, mkewe akaijaza. "Hapo umewahi, mpenzi," sauti ilisema. "Rudi nyuma. Mimi nipo, sina haraka." Na kweli alikuwa amewahi, maana baada ya kurudia namna ile miaka yote, vidole vilikuwa vimejifunza na lile kosa pia. Mama mkwe alikaa kwenye kochi lake karibu na dirisha, khanga mabegani, amefumba macho. Somo likifika katikati, marehemu alikohoa, akaita, "Mama, tuletee chai." Na Mama akafumbua macho, akajibu, "Naileta, baba," akanyanyuka kwenda jikoni. Alirudi na kikombe, akakiweka kando ya spika. Hakuna aliyekinywa. Hawakuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo.

Siku ya balaa, simu ya fundi iliingia wakati somo linaendelea. Mwanamke aliipokea, lakini kabla hajasema neno akasikia maji yakifurika bafuni. "Subiri kidogo, kipenzi," alinong'ona, akaiweka mezani, akakimbia.

Aliporudi, simu ilikuwa imekatwa. Alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena usiku, na asubuhi akiwa kazini, amesimama nyuma ya ukuta wa madini ya risasi unaokinga mionzi huku mgonjwa akisubiri kuambiwa ashike pumzi. Jumapili alikwenda ghalani na gitaa mgongoni. Mjomba alikuwa anapanga mito.

"Hajakwambia? Anasema ana kazi."

"Jumapili?"

Mjomba akashughulika na mito yake. "Mwanangu, mimi nauza magodoro. Ya ndani siyajui."

Fundi alipiga mwenyewe baada ya siku kadhaa. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nakuuliza kitu kimoja, halafu sikusumbui tena. Huyo mwanaume anayekuita mpenzi nyumbani kwako ni nani?"

Mwanamke alijibanza ukutani.

"Nimemsikia," fundi aliendelea. "Anapiga gitaa, anakwambia hana haraka. Anaagiza chai, na mama yako anamwitikia baba. Mimi nakaa na mjomba kati ya magodoro kama mwizi, kumbe mwenzangu analetewa chai sebuleni."

"Ni mume wangu," alisema.

"Ahsante kwa ukweli."

"Usikate. Amefariki."

Mwanamke akasikia kamba za lifti zikilia, mbali, juu ya kichwa cha fundi.

"Mimi nimemsikia kwa masikio haya," fundi alisema polepole.

"Hata mimi namsikia. Kila siku. Njoo kesho magharibi, umsikie vizuri."

Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, viatu vimeng'aa. Alimwamkia Mama kwa heshima zote. Mama alimwitikia, akamtazama mikono, akarudi dirishani.  Mwanamke alifungua spika, akachukua gitaa.

Fundi alisikiliza. Alimsikia mtu akivuta pumzi kabla ya kupiga, kitanda kikilia chini yake, na kidole kikiteleza juu ya waya. Alimwona mpenzi wake akiingia kwenye nafasi aliyoachiwa, kwa uzuri ambao hajawahi kuusikia ghalani, na uso wake ukaenda tena kule mbali. Sasa alijua ni wapi. Kikohozi kikaja, chai ikaagizwa. "Naileta, baba."  Mama akarudi na kikombe, akakiweka mahali pake, mvuke ukipanda kando ya spika. Alikuwa amesahau kumletea mgeni. Koo la fundi lilikuwa limekauka kama karatasi, lakini hata kukitazama kile kikombe aliona haya.

Mwanamke alimsindikiza mpaka chini ya ngazi.

"Angekuwa hai," fundi alisema, "ningegombana naye, na pengine tungeishia kupatana. Huyu nitamfanya nini? Hakosei. Hachoki. Kila siku anakupenda kwa sauti ile ile."

"Ningekwambia mapema. Niliogopa ungeondoka."

"Sikulaumu, mpenzi. Lakini mle ndani hakuna kiti changu." Akamshika mkono, akautazama, akauachia.

Majuma yakapita. Gitaa la ghalani halikupigwa. Mwanamke aliendelea na kazi, akipiga picha za nyonga na mbavu za watu, na jioni akifungua spika. Lakini kitu kilikuwa kimeharibika. Alikuwa ameanza kumsikia marehemu kama fundi alivyomsikia, mtu aliyelala kitandani, amechoka, pumzi fupi. Zamani alisikia mapenzi tu. Sasa alisikia na kifua.

Jioni moja chai iliagizwa, na Mama hakunyanyuka.

Mwanamke aliacha kupiga. Marehemu aliendelea peke yake, akaiacha nafasi, nafasi ikapita tupu.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi." Mama alikuwa anatazama nje. "Yule kijana wa lifti. Kile kikombe aling'ang'ania kutokitazama, na mimi nilimwona mate yanavyomkwama. Hukumwona?"

"Sikumwona, mama."

"Mimi nilimwona. Wengine wangekunywa." Akajifunga khanga upya. "Anapiga vizuri?"

"Vibaya sana."

"Lakini bora kuliko alivyoanza?"

"Ndiyo. Kidogo."

Mama akangoja mpaka somo likaisha lenyewe. Kisha akasema, bila kumgeukia, "Mwanangu mimi nilimzaa, sitamsahau mpaka nifukiwe. Lakini nimemsikia akikohoa kikohozi kile kile mara nyingi kuliko alivyokikohoa mwenyewe. Nimechoka kumpelekea chai asiyoinywa. Nataka kusikia mtu anakosea leo, na kesho anakosea kingine."  Mwanamke akaenda akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa mkwewe, na walilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda mjini kwenye jengo la ofisi ambako mjomba alimwelekeza. Ukumbi wa chini ulikuwa umejaa watu waliokunja nyuso, milango ya lifti imebanuliwa kwa gogo, na nusu ya fundi ikiwa ndani ya shimo. Aliposikia akiitwa kwa sauti anayoijua, akatoa kichwa. Alikuwa amepungua.

"Daktari wa mifupa," alisema. Ndivyo alivyozoea kumwita. "Umepotea njia?"

"Mama anakuita."

"Ananiitia nini?"

"Chai. Anasema hakukupa chai, na hajalala vizuri tangu siku hiyo."

Fundi akapanda juu, akaketi ukingoni mwa shimo, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Na yeye?" aliuliza. Haikuwa lazima kumtaja.

"Yeye yupo. Sitakudanganya. Sijayafuta masomo yake na sitayafuta. Kuna jioni nitamfungulia, nitalia, na jioni hiyo sitakuwa wako."

"Na nyingine?"

"Nyingine zote nitakuwa wako, ukizitaka. Sitaki urafiki wa ghalani tena. Nataka uniulize lile ulilokuwa unataka kuniuliza kabla hujamsikia marehemu kwenye simu."

Fundi akashtuka. "Ulijuaje?"

"Ulikuwa umeacha kununua vifaa. Nikajua unaweka akiba ya kitu kikubwa."

Kwa mara ya kwanza akatabasamu. Mzee mmoja mwenye mkoba akasogea, akauliza kama lifti imepona. "Bado kidogo, baba," fundi akamjibu, macho yakiwa kwa mwanamke. Akavuta pumzi, akauliza pale pale, mbele ya mzee na mkoba wake: je, atakubali kuolewa na mtu anayeishi kwenye mashimo?

 Mwanamke alijisikiliza ndani, akingoja ile sauti ya marehemu iseme amewahi, arudi nyuma. Haikusema. Kulikuwa na manung'uniko ya watu wanaosubiri tu, na moyo wake.

"Nitakubali," alisema.

Mzee akahamisha mkoba mkono wa pili. "Hongereni, wanangu," alisema. "Sasa ngazi ziko upande gani?"