Aliyeitikia Rozari

Marsiana alisali nusu ya Salamu Maria, kisha akanyamaza kidogo. Ilikuwa ni mazoea tu, kwa kuwa zamani nusu ya pili ilikuwa ya mwanawe. Jioni hiyo nusu ya pili ilisaliwa.

Sauti ilitoka upande wa mlango wa uani. Ilikuwa ya chini, yenye haraka.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa."

Ikaishia hapo, kabla ya "na saa ya kufa kwetu." Sebuleni kukaingia harufu ya viatu vya ngozi vilivyolowa.

Salvatory, mwanawe wa pekee, alikuwa mwanajeshi. Alikufa Kongo, kwenye kulinda amani. Wenzake walimleta Ifakara katika jeneza lililofungwa, wakaomba kwa heshima lisifunguliwe. Marsiana alizika mbao. Uso hakuuona.

Tangu utotoni Salvatory aliitikia rozari kama mtu anayekimbizwa, maana wenzake walikuwa wakimngoja nje na mpira. "Maria hakimbii. Wewe unakimbilia wapi?" mama yake alizoea kumwambia. Na sauti hii ilikuwa na mbio zile zile.

Marsiana hakuogopa. Alilia kwa shukrani, akaisali rozari yote. Mwishoni akaanza sala ya marehemu, kama kila siku tangu mazishi.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana..."

Maji yakatikisika ndani ya ndoo. Harufu ikageuka kuwa ya tope na kitu kilichooza, na pale mlangoni mtu akaguna kama aliyekanyagwa kwenye kidonda. Marsiana akaikatisha sala. Kesho yake hakuianza kabisa.

Ikawa hivyo kila jioni, wakati mkwewe Kandida, mjane wa Salvatory, hajarudi kutoka kupepeta mchele mashineni. Marsiana alibaki na mjukuu wake Agnella, mtoto wa miaka mitatu, ambaye alikaa mkekani akisikiliza, macho yake mlangoni.

Kisha mtoto akaanza kupoa. Mtaa mzima wa Viwanja Sitini watu walijipepea kwa vifuniko vya ndoo, lakini mwili wa Agnella ulikuwa baridi kama mtungi. Aliacha kula. Hospitali walimpima malaria, hawakuiona, wakampima tena.

"Mama," Kandida alisema kwa sauti ndogo, "Agnella ameniambia baba anasali na bibi."

Marsiana aliendelea kukunja kanga.

"Na mbona siku hizi humwombei Salva raha ya milele?"

"Namwombea moyoni."

"Moyoni? Wewe, Mama, unayewaombea hata kuku wa jirani kwa sauti?"

Jioni iliyofuata Kandida aliwahi kurudi, akajificha nyuma ya pazia. Sauti ilipoishia penye "sasa," alitoka akamwinua mtoto mkekani.

"Huyo si Salva, Mama. Salva alikimbia, lakini alifika mwisho. Huyu hataki kuitaja saa ya kufa."

"Mwachie mama sauti ya mwanawe," Marsiana alisema.

"Na mimi mwanangu nimwachie nani?"

Kandida akaenda kumwita katekista wa jumuiya yao, Mzee Remigius, naye akaja na mshumaa na maji ya baraka. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa taratibu.

"Mama Salva, mimi nitanyunyiza. Lakini wewe ulimpa nafasi ulipoiacha sala. Imalize wewe. Mimi siwezi kukumalizia."

Wakapiga magoti, Kandida amempakata mtoto. Marsiana alipofungua kinywa mshumaa ukazimika, harufu ya tope ikajaa hadi wakapaliwa, viatu vizito vikaanza kutembea kutoka mlangoni, hatua kwa hatua, vikamzunguka Marsiana, vikasimama nyuma yake karibu kiasi kwamba baridi yake ilimfika shingoni, na sauti ile, ya Salvatory kabisa, ya Salvatory wa siku ya kuondoka, ikamnong'oneza sikioni, "Mama, uso wangu uliuona? Waliniacha mbali, nimetembea kwa miguu mpaka kwako, na wewe unataka kuniombea kama mfu?"

Marsiana alitaka kugeuka. Mungu anajua alivyotaka. Lakini mbele yake midomo ya Agnella ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na kifua chake kilipanda kwa shida, kikashuka, kikakawia kupanda tena.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," alisema, "Salvatory mwanangu, aliyekufa."

Neno hilo la mwisho hakuwa amelitamka tangu mazishi. Mlango wa uani ukajipiga ukutani, kuku wakapiga kelele, kisha kukawa kimya. Agnella akaomba uji.

Marsiana alilia mpaka asubuhi, kwa sababu sasa alikuwa amemzika.

Alirudia rozari yake peke yake, nusu zote mbili, bila kunyamaza katikati. Ila jioni moja pumzi zilimkatika hapo katikati, na kutoka mkekani Agnella akaitikia, kwa sauti yake ndogo, mbio mbio.

"Utuombee sisi wakosefu, sasa."

Akaishia hapo.

"Malizia, mjukuu wangu," Marsiana alisema.

Mtoto aligeuza macho yake mlangoni, akatulia, kama anayengoja kuruhusiwa.