Aliyekanyaga Breki

Mwalimu aliyeleta lile gari jeupe alisema breki zake zina tabia ya ajabu.

"Ukikanyaga, pedali inazama taratibu mpaka chini," alimwambia fundi. "Halafu unahisi kama kuna mguu mwingine umekutangulia pale."

Fundi Chapchap alicheka. Jina hilo hakupewa bure: gari lililolala wiki nzima kwa mafundi wengine, kwake lilitoka kabla chai haijapoa. Akamwambia mwalimu aende zake kufundisha, arudi jioni kuchukua gari lake.

Kopo la mafuta ya breki lilikuwa limejaa. Akapapasa mipira ya breki na kuchungulia magurudumu kwa ndani, kote kukavu. Akaipiga pedali haraka haraka, ikapanda na kuwa ngumu. Alipoiacha kidogo, ikarudi kuwa laini kama mkate uliolowa. Hilo halikuhitaji ramli. Upepo ulikuwa umeingia kwenye mabomba.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Aliinua gari kwa jeki, akang'oa tairi za nyuma, kisha akamwita mkewe kutoka nyumbani kwao, nyuma ya gereji. Mama huyo alishaizoea kazi: kukaa kitini, kukanyaga na kushikilia, huku mumewe kule chini akifungua skrubu, upepo utoke, afunge tena. Siku hizi hakuwa msemaji. Tangu mdogo wake, muuguzi, afe kwa ajali kwenye mteremko wa hospitali, alifanya mambo yake kimyakimya, na mumewe hakuthubutu kuuchokoza ukimya huo.

"Kanyaga," fundi alisema.

"Nimeshikilia," mkewe alijibu.

Akafungua skrubu ya kulia. Mapovu yakapita kwenye mpira mwembamba na kuingia kwenye chupa. Akafunga. Kanyaga. Nimeshikilia. Mapovu tena. Kwa kawaida huisha upesi, yakabaki mafuta matupu, lakini haya yalizidi, na kila yalipopasuka yalitoa harufu ya dawa ya kuoshea vidonda. Fundi alinusa vidole vyake. "Wamechakachua mafuta," alijisemea, ingawa mwenyewe hakuyaamini maneno yake.

Akahamia kushoto, akafungua. Halikutoka hata tone. Akalifuata bomba kwa vidole, chini ya bodi lililopakwa rangi upya, mpaka kwenye kiungio. Akakilegeza kwa spana, na goroli ndogo ya chuma ikadondoka kiganjani mwake.

Goroli ile aliiweka yeye. Shemeji yake alikuja asubuhi moja akiwahi zamu, breki ya gurudumu hilo ikivuja, na Chapchap, badala ya kusubiri kifaa kipya, aliliziba bomba kwa goroli, akaongeza mafuta bila kutoa upepo, akamwambia aende. "Mbona laini, shemeji?" binti wa watu aliuliza. "Utaizoea," alimjibu. Msibani, mbele ya mkewe na ukoo mzima, alisema marehemu alipenda mwendo wa kasi. Mabaki ya gari yakauzwa kama chuma chakavu. Kumbe yuko aliyeyanyoosha na kuyapaka rangi nyeupe.

"Nimeshikilia," sauti ilisema kutoka kitini.

"Sijasema kanyaga," alinong'ona.

"Nimeshikilia toka pale juu ya mteremko, shemeji, na haishiki."

Fundi alitaka kutambaa atoke, lakini viwiko vilimkatalia, na alipogeuza shingo kuangalia upande wa nyumba aliiona miguu ya mkewe ikija kutoka kwenye kamba ya nguo, ndala zimelowa, beseni likigonga goti lake, ilhali juu yake, ndani ya gari, kiti kilikuwa kinalia kama kinavyolia mtu anapojiweka sawa.

"Unaongea na nani?" mkewe aliuliza. "Mvua ilianza, nikakimbia kuanua nguo. Nilikuaga."

"Dada," ile sauti ikasema, "mwulize mumeo ameshika nini."

Beseni likaanguka. Mkewe akainama na kuchungulia chini ya gari. Fundi alijaribu kukunja ngumi, vidole vikakataa. Mwanamke aliyeolewa na fundi anajua goroli kama ile huziba nini.

"Ulisema alikimbiza gari."

"Tutafute mganga, mke wangu. Hilo ni jini. Wafu hawarudi, limevaa sauti yake tu."

"Liwe jini, liwe mdogo wangu. Limesema uongo?"

Fundi alifumba macho.

"Mama yangu aliwaomba watu msamaha kwa ajili ya mwanawe," mkewe alisema polepole. "Alipita kwa mmoja mmoja pale msibani, kwa sababu ya maneno yako."

Fundi aliisikia ndala moja, kisha nyingine, zikizunguka hadi mlango wa dereva. Akasikia mlango ukifunguliwa, na mkewe akisema kwa sauti ya upole ambayo hakuwa ameisikia tangu mazishi, "Sogea kidogo, mdogo wangu," halafu gari likainama kwa uzito wa watu wawili, chuma kikashuka kikamgusa kifuani na kumbana pale pale, wala hapakuwa na kigingi cha kulizuia, kwa kuwa yeye aliona vigingi vinachelewesha kazi.

"Endelea," mkewe alisema. "Leo utautoa upepo wote."

"Mke wangu, nakuomba."

"Sema neno lako."

Harufu ya dawa ilikuwa imemjaa kooni. Alilia kwanza, kisha akalisema.

"Kanyaga."

"Tumeshikilia," sauti mbili zikajibu kwa pamoja, na jeki ikalegea.