Hotpoti ya Bhante

Haya watoto, kaeni vizuri. Kunjeni miguu, tegeni masikio!

Mbonea aliishi mlimani, jirani na nyumba ya watawa wa Kibudha.

Mtawa alikuwa mmoja tu. Kijana, kipara kinang'aa, shuka rangi ya chungwa. Watu wote walimwita Bhante, yaani mheshimiwa.

Kila siku Bhante alikaa kimya, akaisikiliza pumzi yake.

Pumzi inaingia, fuuu.
Pumzi inatoka, haaa.

Bhante hapiki. Majirani humpa chakula, tena mkononi. Asipopewa mkononi, hagusi. Na saa sita mchana ikishapita, hali tena mpaka kesho. Ndivyo walivyo watawa hao.

Siku moja ilikuwa zamu ya mama yake Mbonea. Alipika wali na maharage, akatia kwenye hotpoti.

"Umpe Bhante mkononi," Mama alisema. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mama!"

Mbonea akapanda kilima. Tap, tap, tap. Akamkuta Bhante amefumba macho.

Pumzi inaingia, fuuu.
Pumzi inatoka, haaa.

Mbonea akasubiri. Akasubiri weee! Nje, watoto walikuwa wanaruka kamba. Pwa! Pwa! Pwa!

"Mbonea, njoo! Zamu yako!"

Mbonea akaiweka hotpoti mlangoni, polepole. "Akifumbua macho ataiona," akasema moyoni. Huyoo, mbio!

Akaruka. Pwa! Akacheka. Akasahau kabisa.

Aliporudi, saa sita ilikuwa imeshapita. Loo! Hotpoti ilikuwa palepale. Bhante ameketi kando yake, anakunywa maji. Tumbo lake likanguruma, ngruuu.

Mkononi! Mama alisema mkononi!

Aibu ikamshika Mbonea, mashavu yakamwaka.

Akajificha nyuma ya pipa la maji. Lakini miguu ilionekana.

"Makubwa! Pipa leo lina miguu," Bhante akasema.

Mbonea hakucheka. Aibu ilimshika, mashavu yakamwaka zaidi.

"Bhante, umekaa na njaa kwa sababu yangu," akasema, huku analia. "Nilikwenda kucheza."

"Kweli, njaa inauma," Bhante akasema. "Asante kwa kuniambia."

"Naona aibu! Nataka iondoke!"

"Usiifukuze. Njoo tukae nayo."

Wakakaa watatu: Bhante, Mbonea na aibu.

Pumzi inaingia, fuuu.
Pumzi inatoka, haaa.

Aibu haikuondoka. Ila Mbonea hakutaka tena kukimbia.

"Chakula kawape wenzako, kisiharibike," Bhante akasema.

Watoto wakala, wakajilamba vidole. Mbonea alijaribu tonge moja tu. Hakuonja utamu, akanawa mikono.

Jioni Mama akafungua hotpoti. Tupu!

"Aa, leo Bhante amekula vizuri!" Mama akafurahi.

Maskini Mbonea! Angeitikia tu "ndiyo", yangeisha. Lakini akainama, akaichukua hotpoti, akaenda kuiosha.

Aibu ikamshika, mashavu yakamwaka.

Mama akamlaza, akamfunika shuka. Mbonea akageuka huku, akageuka kule. Usingizi, wapi!

Pumzi inaingia, fuuu.
Pumzi inatoka, haaa.

"Mama," akaita. "Bhante hajala. Niliweka chakula mlangoni, nikaenda kuruka kamba. Wamekula watoto."

"We Mbonea!" Mama akafoka. "Mtoto wa watu ameshinda na njaa?"

Mbonea akavuta shuka, akajifunika uso. Kisha akajifunua mwenyewe.

"Nisamehe, Mama. Naona aibu sana."

Mama akakaa kitandani, akamkumbatia kwa nguvu.

"Nimekusamehe, mwanangu. Kesho nitaomba zamu tena. Nitapika na ndizi."

Mbonea akafikiri kidogo.

"Atapeleka nani?" akauliza, sauti ndogo kabisa.

"Wewe," Mama akasema.

Mbonea akatabasamu gizani. Akamshika Mama mkono, akalala fofofo.