Pumzi ya Phelim

Jumamosi, saa 10:15 jioni.

Chumba cha nyuma cha baa ya McGonigle kilinuka bia iliyomwagika na suti za mpira zilizotundikwa zikauke. Phelim Harkin alisukuma vikombe vya chai pembeni, akakunjua mchoro wa manowari. Ilikuwa mita sitini na nane chini ya maji ya Malin, imelala ubavu tangu vita vya kwanza vya dunia. Mabaharia thelathini na saba bado wamo.

"Jumatatu mkondo wa maji unasimama saa nne na dakika arobaini," alisema. "Tunazama hapo hapo. Manus mbele, yeye ndiye anayeijua njia. Dakika ishirini na tano chini. Kengele ya meli, ndiyo mali yenyewe, inafungwa puto, inapanda. Attracta anaidaka. Saa sita na nusu tuko juu."

"Na njagu?" Attracta aliuliza. Mashua ilikuwa yake, aliachiwa na marehemu mumewe, kaka yake Manus.

"Polisi wana mashua moja, na nusu yao hutapika kabla haijaacha gati." Phelim alicheka, kisha akaacha. "Ubaya wa dili hii ni mmoja. Kule chini hakuna kukimbia. Ukipanda haraka, damu inatoa mapovu kama soda iliyofunguliwa. Tutapanda kwa vituo, tunaning'inia kwenye kamba kama nguo. Wakitukuta hapo, wametukuta."

Manus Doherty alitazama mikono yake. Mdomo ndio uliomponza. Mwezi wa nane aliiona kengele ile kwenye tope, na usiku uleule, kwa bia mbili, akajitapa nayo mbele ya Phelim. Yeye, ambaye kila Oktoba huvuta kamba ya kengele ya kanisa mara thelathini na saba kuwaombea wale wale. Yeye, ambaye bibi yake aliwaosha waliotupwa ufukweni, akawavika shuka zake za harusi.

"Sheria ni ile ile," Phelim alisema. "Kila mtu anapima mtungi wake, anaandika jina lake kwenye utepe. Hakuna kumpimia mwenzio. Umesikia, mzee wa kengele?"

"Nimesikia."

Attracta alimfuata Manus hadi mlangoni. "Shemeji, ukisema hapana sasa hivi, funguo za mashua zinabaki mfukoni mwangu. Neno moja tu."

Manus alivuta kofia hadi machoni. "Jumatatu, Attracta. Usichelewe."

Jumatatu, saa 1:20 asubuhi.

Bandani kwake mitungi ilipangwa ukutani. Manus alikuwa na kipimo mkono mmoja na simu mkono wa pili. Aliweka kipimo chini.

"Saa sita kamili," aliwaambia polisi. "Watakuwa bado kwenye kamba."

Alisema *watakuwa*, kana kwamba yeye hatakuwepo.

Lori la Phelim lilipiga honi nje. Simu ikazama mfukoni. Manus alinyakua mtungi wa oksijeni uliokuwa karibu, akabandika utepe, akaandika jina lake na namba mia, maana yake oksijeni safi. Hakupima. Hata mshale wa kiasi cha gesi hakuutazama. Ulikuwa mtungi uliotumika wiki iliyopita.

"Umepima?" Phelim aliuliza dirishani, mkate wa nyama mdomoni.

"Nimepima."

Saa 4:44.

Giza. Baridi iliingia kwenye meno. Tochi ilionyesha bati lililochanika, bomba, kisha mdomo wa shaba ukichungulia kwenye tope. Kando yake kulikuwa na kiatu kimoja cha ngozi, kamba zake bado zimefungwa.

Manus aliomba moyoni Phelim akipige teke. Apate sababu ya kumchukia.

Phelim alikishika kwa mikono miwili, akakisogeza taratibu, akakiegemeza kwenye bati. Ndipo akaanza kuchimba.

Kengele ilitoka kirahisi. Dakika kumi tu. Ulimi wake ulishaliwa na chumvi. Waliifunga puto, wakalijaza hewa, na mzigo ukapanda polepole, ukawaacha.

Saa 4:57.

Walianza kupanda, mapema mno. Manus alisoma saa yake mara mbili. Kwa mwendo huo, saa tano na dakika arobaini wangekuwa juu, na saa sita polisi wangekuta bahari tupu. Alifurahi. Kisha akaionea haya furaha ile, maana ilikuwa furaha ya mtu anayetaka kula kwa pande zote mbili.

Saa 5:19. Mita sita. Kituo cha mwisho, ambapo oksijeni husafisha damu.

Manus alivuta pumzi, tena, tena. Dakika ya tatu ikaja nzito, kama kunyonya jiwe. Mshale ulikuwa kwenye sifuri.

Alipitisha kiganja shingoni: sina hewa. Phelim alimulika mtungi, akamulika utepe, jina likaonekana, wino wa asubuhi ile. Alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto asiyefanya hesabu. Kisha akatoa kipumulio kinywani mwake mwenyewe, akampa.

Kwenye kibao aliandika kwa penseli: TANO WEWE, TANO MIMI.

Asiyekuwa na zamu alipumua mabaki ya mtungi wa kituo kilichopita. Yaliweka uhai, lakini damu hayakuisafisha upesi. Peke yake, Phelim angeondoka kwa dakika ishirini. Kwa wawili, ilikuwa saa sita na ushee.

Manus alijua saa sita kuna nini. Phelim hakujua.

Saa 5:41.

Alichukua kibao. Vidole vilikuwa vigumu. POLISI SAA SITA, aliandika. Phelim alikuwa amefumba macho, akisubiri zamu yake, midomo ya bluu.

Akilisoma hili, ataondoka. Ataondoka na mtungi wake, na ana haki.

Manus aliyafuta maneno yale kwa kidole gumba mpaka kibao kikawa cheupe. Akarudisha kipumulio kwa wakati wake, sekunde kwa sekunde, kama mtu mwaminifu.

Saa 5:59.

Injini. Si ya Attracta. Zilikuwa mbili, na baharini mlio hauna upande, ulitoka kila mahali. Phelim alifumbua macho. Alisikiliza. Kisha akatazama saa, akanyoosha vidole kumi, dakika zilizobaki, akampa Manus kipumulio. Ilikuwa zamu ya Manus.

Saa 6:10.

Waliibuka katikati ya mvua nyembamba. Kengele ilikuwa kwenye sitaha ya Attracta, imefunikwa kwa blanketi, naye amesimama mbele yake kama mtu aliyefiwa. Polisi wawili walikuwa ubavuni. Mmoja, kijana, uso wa kijani kwa kutapika, aliinama kuwasaidia kupanda.

"Manus Doherty ni yupi?"

Attracta alimwangalia Manus. Jibu likajionyesha.

"Asante, bwana," kijana alisema kwa heshima zote. "Simu yako imetusaidia sana."

Phelim alikaa juu ya mitungi, maji yakimchuruzika kidevuni. Aligusa utepe wa mtungi mtupu, akapitisha kidole juu ya jina.

"Asubuhi," alisema. "Nilipopiga honi. Ulikuwa kwenye simu, ndiyo maana hukupima."

"Phelim..."

"Na pale chini uliandika kitu, ukafuta. Nilikuona."

"Niliogopa utaninyima hewa."

Phelim aliwanyooshea polisi mikono, iliyokakamaa kwa baridi. Pingu zilipolia ndipo alipogeuka.

"Ningekupa vilevile, we mpumbavu," alisema. "Ningekupa vilevile."